Kazi ya zamani ikikutia aibu: namna ya kuikagua, kuirekebisha au kuiacha ilivyo

Usifute kitu leo. Agizo hili linatangulia mengine yote kwa sababu mwenye aibu huwa na haraka. Anafungua makala, mchoro, programu au picha ya gauni aliloshona miaka 6 iliyopita, uso unamchoma, na kidole kinakimbilia kitufe cha kufuta. Wiki ifuatayo anagundua kuwa vipimo vya mteja vilikuwa kwenye folda hiyo hiyo, au kwamba kuna programu nyingine iliyokuwa ikitegemea msimbo aliouondoa.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetengeneza vitu, viwe vya maandishi, msimbo, kitambaa, picha au mbao, na ambaye ujuzi wake umepanda kiasi kwamba kazi zake za awali zinamkera. Utakuonyesha namna ya kuzipitia moja moja na kuamua ipi irekebishwe, ipi iwekewe alama, ipi iondolewe na ipi iachwe. Tunakuonya mapema: nyingi zitaachwa.

Nakala kwanza, hukumu baadaye

Watunzaji wa data wana kanuni ya 3-2-1: nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na moja kati yake ikae mahali pengine kabisa. Kwa kazi za kompyuta hiyo ina maana ya faili asili kwenye mashine yako, nakala kwenye diski ya nje, na nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni. Angalia jambo moja linalowaponza wengi: folda inayojisawazisha na mtandao haitoshi kuwa nakala ya akiba, kwa kuwa ukifuta upande mmoja, upande wa pili nao unafuta.

Weka tarehe kwenye jina la faili, mwaka ukitangulia: 2019-04-27_bango_toleo2. Ukizipanga faili kwa majina zitajipanga zenyewe kwa wakati. Tarehe inayoonyeshwa na kompyuta usiitegemee, maana faili ikihamishwa kutoka diski hadi diski, tarehe ya kuundwa mara nyingi hugeuka kuwa ya siku ya kuhamishwa. Picha za kamera hubeba tarehe ya kupigwa ndani ya faili, kwenye data za EXIF, lakini programu nyingi za kutumiana ujumbe huziondoa. Tafuta faili iliyotoka kwenye kamera yenyewe.

Kisha hifadhi nakala moja kwa umbo linalofunguka bila programu maalumu: maandishi matupu kwa makala, PDF yenye fonti ndani yake kwa kurasa zilizopangwa, TIFF au PNG kwa michoro, WAV kwa sauti. Faili ya programu iliyoacha kutengenezwa inaweza kukaa salama kwenye diski miaka 10 na siku ya kuihitaji isifunguke.

Kwa kazi ya mikono, piga picha 4: mbele, nyuma, ndani, na karibu kabisa na ile sehemu inayokukera. Weka rula ndani ya picha ya nne. Bila rula hutajua baadaye kama pengo kwenye kiungo cha meza lilikuwa la milimita 1 au 4, na hiyo ndiyo tofauti kati ya kiungo cha kujaza gundi na kiungo cha kukata upya.

Baada ya hapo subiri siku 2.

Jicho hutangulia mkono

Kuona kasoro ni ujuzi mmoja, kuepuka kasoro ni mwingine. Ule wa kuona hukua haraka zaidi, kwa sababu kutazama na kulinganisha ni kazi nyepesi kuliko kutenda. David Dunning na Justin Kruger waligusa jambo hili mwaka 1999. Kwenye jaribio lao moja la mantiki, waliopata alama za chini walijikadiria juu mno. Baadhi yao walipopewa mafunzo mafupi, wakarudishiwa karatasi zao wenyewe, waliweza kuona walipokosea, na makadirio yao yakashuka. Majibu yalikuwa yale yale yaliyoandikwa mwanzo.

Aibu basi inakupa habari moja ya kuaminika: jicho lako limekua tangu siku ile. Kama gauni lilimkaa vizuri aliyeliagiza, au kama makala ilimsaidia msomaji, hilo haliwezi kukuambia. Tena aibu hukuza idadi ya watazamaji. Mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake walichapisha majaribio ambamo wanafunzi walivalishwa fulana yenye picha ya mwimbaji waliyeona haya kuonekana naye, kisha wakaingizwa kwenye chumba chenye watu. Walioivaa walikadiria kuwa karibu nusu ya waliomo wangemtambua mwimbaji huyo. Waliomtambua kweli walikuwa karibu robo. Msomaji anayefika kwenye makala yako ya 2017 kuhusu kuunganisha printa ana printa isiyofanya kazi. Hana muda wa kukupima wewe.

Ndiyo maana katika ukaguzi huu kuna maswali mawili yasiyochanganywa kamwe. La kwanza: inaniaibisha? La pili: inamdhuru au kumpotosha mtu? Jibu la swali la kwanza linaenda kwenye daftari la mazoezi. Jibu la swali la pili ndilo linalokuamsha kitini.

Orodha

Chukua daftari au jedwali la kompyuta, uweke safu 6: jina la kazi, tarehe na muda uliopewa, iko wapi sasa, nani bado anaitumia, kasoro, uamuzi. Anza na kazi 12, na uchague zile ambazo watu bado wanazifikia. Rasimu zilizolala kwenye droo hazina haraka. Toa dakika 10 kwa kila kazi, saa ikiwa imewashwa. Kwa saa 2 umemaliza. Ukijipa muda usio na kikomo utatumia jioni nzima kwa kazi moja, ile inayouma zaidi, na hiyo mara nyingi wala si ile yenye tatizo kubwa zaidi.

Safu ya nne ina uzito kuliko zote. Programu mbovu isiyotumiwa na mtu yeyote ni kumbukumbu tu. Programu ya wastani inayohesabu mishahara ya watu 40 ni jukumu.

Kwenye safu ya kasoro, andika kama fundi anayemwachia fundi mwenzake maelekezo. Maneno kama "mbaya", "ya kitoto" au "sikuwa najua kitu" hayaruhusiwi, kwa sababu hayaonyeshi pa kushika. Chukua mshono uliojikunjakunja ubavuni mwa gauni la kitambaa chepesi. Ukiandika "mshono mbaya" umeishia hapo. Andika: "umejikunja sentimita 30, ubavu wa kushoto tu, haukuwa hivyo kabla ya kufuliwa." Sasa kuna cha kuchunguza. Mikunjo ikiwa kwenye mishono yote, sababu za kawaida ni uzi kukazwa mno kwenye cherehani, hatua za mshono kuwa fupi mno, au sindano nene kuliko kitambaa. Kitambaa chepesi hutaka sindano namba 60 au 70, na wengi hushonea 90 kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imefungwa. Mikunjo ikiwa ubavu mmoja, huenda kipande kimoja kilivutwa kuliko mwenzake kilipokuwa kikipita chini ya mguu wa mashine. Ikitokea baada ya kufua, kitambaa, bitana au uzi ulinywea, na kosa lilifanyika kabla ya mkasi kushikwa: kitambaa hakikufuliwa kwanza. Mishono mitatu inayofanana kwa macho, na mafunzo matatu tofauti. Aibu peke yake isingekutenganishia.

Kwenye safu ya pili kuwa mkweli kuhusu masharti ya wakati ule: ulipewa siku ngapi, ulikuwa na zana gani, nani aliyekuwa na kauli ya mwisho. Bango lenye rangi 7 linaweza kuwa bango ambalo mteja alisisitiza liwe na rangi 7. Ila kuna wanaojificha humo, na mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Kipimo ni hiki: kama ungeweza kuepuka kasoro hiyo bila saa moja ya ziada na bila zana mpya, iandike kwa jina lako.

Ni aibu ya aina gani

Kasoro zikishaandikwa zitajigawa zenyewe. Kundi la kwanza ni kosa lenye madhara, na hili ni la kushughulikiwa leo hii. Tovuti uliyoijenga zamani ikihifadhi manenosiri kwa MD5, njia ya zamani ya kugeuza neno kuwa alama isiyosomeka, haijalishi kwamba enzi hizo ulifuata mfano ulioukuta kwenye kitabu. MD5 huhesabiwa haraka mno, na mwizi wa hifadhidata anaweza kujaribu manenosiri kwa wingi usiokadirika kwa mashine ya kawaida. Mifumo ya sasa hutumia bcrypt au Argon2, ambazo zimetengenezwa makusudi ziwe nzito. Huwezi kuyageuza ya zamani moja kwa moja kwa kuwa manenosiri yenyewe huna, una alama zake tu. Kinachofanyika ni kusubiri mtumiaji aingie, kukagua neno lake kwa njia ya zamani, kulihesabu upya kwa njia mpya na kuifuta alama ya zamani. Wasioingia ndani ya muda utakaoupanga, tuseme siku 60, zifute alama zao na wadaiwe neno jipya siku watakayorudi. Maswali ya hifadhidata yaliyojengwa kwa kuunganisha maandishi ya mtumiaji moja kwa moja ni ya kundi hili pia, kwa kuwa mtu anaweza kupenyeza amri zake humo. Vivyo hivyo kipimo cha dawa kilichokosewa kwenye makala, au rafu iliyofungwa ukutani kwa skrubu fupi. Majina ya ajabu ya vigezo kwenye msimbo huo huo hayamo, hata kama ndiyo yanayokufanya ufunike uso.

Kundi la pili ni ufundi mchanga: utangulizi wa aya 3 kabla ya hoja, kona zisizokutana, kipande kimoja cha msimbo (function) chenye mistari 400. Haina madhara, ina harufu ya mwanafunzi. Hili ndilo kundi kubwa, na ndilo lenye faida ya kujifunzia.

Kundi la tatu ni ladha iliyobadilika, na hapa tunawasihi watu wapunguze mwendo. Picha uliyoikoleza rangi hadi majani yakawa ya plastiki ilikuwa uamuzi wako, na wenzako wa wakati ule walifanya hivyo hivyo. Ladha yako ya leo nayo itazeeka. Kama bado una faili ya RAW, yaani data ghafi kutoka kwenye kamera, unaweza kuisafisha upya wakati wowote, maana kwa kawaida ina biti 12 au 14 kwa kila rangi, yaani ngazi 4,096 au 16,384 za mwanga. Kama umebaki na JPEG iliyokwisha kukolezwa, una ngazi 256 tu, na ukijaribu kuirudisha nyuma anga litagawanyika mistari mistari kama ngazi za nyumba. Hiyo iache ilivyo.

Kundi la nne halihusu ujuzi. Ni kazi uliyoichukua kwa mwingine bila kumtaja, au maneno uliyoandika kuhusu watu ambayo leo usingethubutu kuyasema mbele yao. Watu hulificha ndani ya kundi la pili kwa kusema "nilikuwa bado najifunza". Lipe nafasi yake: taja chanzo, ondoa kisicho chako, waombe radhi waliotajwa kama wapo. Mazoezi ya mkono hayalitibu.

Uamuzi kwa kila kazi

Andika neno moja tu kwenye safu ya mwisho: rekebisha, alama, ondoa, au acha. Ukishindwa kuamua ndani ya zile dakika 10, andika "acha". Kazi isiyo na madhara haiozi kwa kukaa.

"Alama" ni kwa kazi ambayo watu bado wanaifikia na ambayo imepitwa na wakati. Weka juu kabisa, kabla ya aya ya kwanza, mistari 2 au 3 isiyo na kilio: "Makala hii iliandikwa Machi 2018 kwa toleo la 3 la programu. Hatua ya 4 haifanyi kazi tena kuanzia toleo la 5. Maelezo mapya yako hapa." Tarehe, kisichofaa, pa kwenda. Sentensi kama "samahanini, nilikuwa sijui kuandika" haimsaidii msomaji, na inamfanya atilie shaka hata sehemu zilizo sahihi. Kwa hazina ya msimbo, iweke katika hali ya kusomwa tu, na uandike kwenye faili ya maelezo kwamba haitunzwi tena.

"Rekebisha" ina hatari mbili. Ya kwanza ni kuugeuza ukweli kimyakimya. Ukirekebisha kosa la habari au la hesabu kwenye kitu kilichokwisha kusomwa, andika chini tarehe na kilichobadilika, kwa sababu kuna mtu amekwisha kunukuu namba ya zamani na anahitaji kujua kwa nini hazilingani. Makosa ya herufi hayahitaji tangazo.

Hatari ya pili ni viraka. Unaanza na aya moja mbovu, unaiandika upya kwa mkono wa leo, na sasa aya zilizobaki zinaonekana mbovu zaidi kuliko mwanzo. Baada ya saa 5 una kitu chenye sauti mbili, ya kijana na ya mkomavu, na hakuna inayosikika vizuri. Jiwekee mpaka kabla ya kuanza: kasoro 3 zilizoandikwa kwenye safu ya tano, muda wa saa 1, basi. Zikizidi hapo, kazi hiyo haihitaji kurekebishwa. Inahitaji kazi mpya yenye jina lake. Mtunzi wa muziki Johannes Brahms alichapisha utatu wake wa kwanza wa piano, fidla na cello mwaka 1854 akiwa na miaka 21, na mwaka 1889 akaushika tena. Sehemu kubwa aliitunga upya, lakini scherzo, ile sehemu ya mwendo wa haraka, aliiacha karibu ilivyokuwa, na lile toleo la 1854 hakulifuta. Mpaka leo yote mawili yanapigwa. Tazama alichokigusa na alichokiacha: hata jicho la miaka 35 baadaye lilikuta kipande cha kijana kisichohitaji msaada.

Kuanza upya kabisa kuna gharama ambayo aibu huificha. Msimbo wa zamani unaoonekana ovyo mara nyingi umejaa viraka vilivyowekwa kwa sababu: mstari huu unazuia faili tupu, ule unashughulikia printa fulani. Ukiutupa, unatupa na hizo sababu, na utazigundua upya moja moja kupitia malalamiko ya watumiaji. Netscape walipoamua mwaka 1998 kuacha msimbo wa zamani na kujenga kivinjari kipya, toleo la 5 halikutoka kabisa, la 6 likatoka Novemba 2000, na katika kipindi hicho Internet Explorer ikawa imeliteka soko. Kabla ya kuandika upya, orodhesha mambo yote ambayo kazi ya zamani inayafanya vizuri. Ukishindwa kufikisha 10, bado hujaielewa vya kutosha kuitupa.

"Ondoa" ibaki kwa kazi za kundi la kwanza zisizorekebishika na baadhi ya zile za kundi la nne. Wahenga waliosema ya kale hayanuki hawakuwa na injini za utafutaji. Ukurasa ulioondolewa unaweza kuwa bado umo kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao, na picha imeshapakuliwa na watu usiowajua, kwa hiyo ondoa ili kuzuia madhara ya mbele, usitarajie kufuta historia. Kama kuna ukurasa mpya unaochukua nafasi yake, elekeza anwani ya zamani huko kwa jibu la seva la 301, linaloziambia injini za utafutaji kuwa uhamisho ni wa kudumu. Kama hakuna mbadala, jibu la 410 linasema wazi kwamba umeondolewa makusudi. 404 inasema tu haukuonekana. Kuelekeza kila kitu kwenye ukurasa wa mwanzo ni usumbufu kwa msomaji, usifanye.

Kwenye Git, programu inayotunza matoleo yote ya msimbo, kufuta faili yenye nenosiri hakusaidii, kwa sababu toleo la jana bado limo kwenye historia na kila aliyenakili hazina analo. Mpangilio sahihi ni kubadilisha nenosiri kwanza kwenye huduma yenyewe, ndipo usafishe historia kwa zana ya git filter-repo. Watu hufanya kinyume, wakahangaika siku nzima na historia huku nenosiri likiendelea kufungua mlango.

Mteja anapohusika

Kosa lenye madhara likiwa mikononi mwa mteja wa zamani, mwandikie wewe kabla hajaligundua. Barua iwe fupi:

"Habari za kazi. Mwaka 2020 nilikutengenezea fomu ya usajili. Nimegundua kuwa inahifadhi manenosiri kwa njia isiyo salama tena. Mtu akiipata hifadhidata anaweza kuyafungua. Marekebisho yatachukua takribani siku 1. Naomba ruhusa yako nianze kabla ya Ijumaa."

Kuna nini kilichofanyika, hatari, muda, ombi. Aya ya kujilaumu ikiingia hapo, mteja ataanza kukufariji, na ruhusa itachelewa. Kuhusu malipo, msimamo wetu ni huu: kama siku ile ulikiuka kiwango kilichokuwa kikijulikana, rekebisha bure, kama kiwango chenyewe ndicho kilichopanda baadaye, ni matengenezo na yana bei yake, ila taja hatari hata kama atakataa kulipa.

Kwa kasoro za ufundi mchanga au ladha, usimwandikie kabisa. Mtu anayeipenda nembo uliyomchorea hana haja ya kujua kwamba wewe unaionea haya.

Ukiulizwa, au ukisifiwa

Mtu akiisifia kazi usiyoipenda tena, jibu ni "asante, nimefurahi kusikia". Ukianza kumhesabia kasoro, anachosikia ni kwamba ladha yake ni mbovu.

Kwenye usaili swali "leo ungefanya nini tofauti?" halikutaki uungame. Jibu kwa sentensi 4: sharti, uamuzi, matokeo, badiliko. "Tulikuwa na wiki 2 na watumiaji 50. Nilichagua kuweka data zote kwenye faili moja. Ilikwenda vizuri mpaka watumiaji walipofika mia kadhaa, ikaanza kukwama watu wawili wakiandika kwa pamoja. Leo ningeanza na hifadhidata." Ifanyie mazoezi kwa sauti. Kinachoharibu jibu hili kwa kawaida ni kicheko cha aibu mwanzoni na neno "tu" kila mahali: ilikuwa majaribio tu, nilikuwa mwanafunzi tu.

Kwenye jalada la kazi zako onyesha kazi 6 hadi 12. Ya zamani ikiwemo, iweke jirani na mpya ya aina hiyo hiyo na tarehe za zote mbili zionekane. Ya zamani peke yake katikati ya nyingine huonekana kama kiwango chako cha leo.

Kuitumia kama kipimo

Mara moja kwa mwaka chagua kazi 3 za kundi la pili, si zaidi. Chukua moja na urudie agizo lake la mwanzo: muda ule ule, ukubwa ule ule, zana zinazokaribiana, bila kuifungua ya zamani. Ukimaliza ziweke pamoja uandike tofauti 5, na angalau moja iwe jambo ambalo kazi ya zamani inaishinda mpya. Usiruke sharti hilo. Wengi hugundua kwamba sentensi zao za awali zilikuwa fupi zaidi, au kwamba mchoro wa kwanza ulithubutu rangi ambayo sasa hawaigusi. Ujuzi unapopanda huja na tahadhari, na tahadhari inaweza kuwa imekula kitu ulichokihitaji.

Kama tofauti zote 5 ni ndogo, au hukuona aibu yoyote kwenye kazi ya miaka 5 nyuma, mpe mtu anayekuzidi zote mbili bila tarehe, umuulize ipi ni mpya. Akishindwa kutofautisha, mkono umesimama na pengine jicho pia. Kinachosaidia hapo ni kubadilisha aina ya kazi au kutafuta mkosoaji mkali zaidi, kwa sababu kurudia kile kile kutakupa wepesi tu.

Na aibu ikiwa haishikiki kwenye kasoro yoyote unayoweza kuiandika, ikakufuata kwenye kila kitu ulichofanya na hata ulichosema mezani, orodha hii haitaitibu. Zungumza na mtu unayemwamini, au mtaalamu wa afya ya akili.

Kwa kazi unayoimaliza leo

Tatizo la mwisho ni la wale wanaoacha kutoa kazi kwa kuogopa watakavyoiona baadaye. Ipe kazi mpaka wa masahihisho: raundi 3. Ya kwanza ni ya makosa yenye madhara, ya pili ya mpangilio, ya tatu ya usafi. Raundi ya nne kwa kawaida inarudisha vile ulivyoviondoa kwenye ya pili, na hiyo ni dalili ya kutosha kwamba ni wakati wa kuitoa. Ipe namba ya toleo na tarehe.

Kisha jaza kadi ya mistari 5 uihifadhi kando ya faili, au uibandike ndani ya droo ya kabati ulilolijenga: nani aliagiza na kwa nini, muda na zana, uamuzi mgumu mmoja na sababu yake, kasoro ninayoijua na nimeiacha, ningefanya nini ningepewa wiki moja zaidi. Inachukua dakika 5 kazi ikiwa bado ya moto. Mstari wa nne ndio watu hupenda kuruka, na ndio utakaokuonyesha baada ya miaka kadhaa ni kasoro zipi ulikuwa huzioni na zipi uliziona ukazivumilia kwa sababu siku zilikuwa zimekwisha.